Nimepigwa tochi maili 52 penye kikomo cha 30 (Uingereza). Mahakama ni Septemba, nitafungiwa leseni?

MamaNuru
Wakuu, naomba msaada. Naishi England na leseni yangu ni ya hapa. Tarehe 11 Mei 2025 kamera ilininasa maili 52 kwa saa kwenye barabara ya 30. Fomu ya kumtaja dereva nilishairudisha, sasa imekuja barua ya mahakama yenye sehemu ya kukiri au kukana. Nina pointi 3 za adhabu kwenye leseni kwa kosa la 20 Juni 2022 na 3 nyingine za Oktoba 2023. Kesi itasikilizwa Septemba, kwa hiyo naona zile za 2022 zitakuwa zimeshapitisha miaka mitatu. Niko sahihi? Kazi yangu ni kuzunguka kuhudumia wazee majumbani, bila gari haiendi. Na nikifungiwa, leseni yangu ya Tanzania naweza kuitumia?

Kipimo
Mama Nuru, hesabu ya tarehe ndiyo kila kitu hapa, na umeifanya kwa siku ya mahakama. Sheria huhesabu kutoka siku ya kosa hadi siku ya kosa. Kati ya 20 Juni 2022 na 11 Mei 2025 miaka mitatu haijatimia, kwa hiyo pointi zile 3 zinahesabiwa hata kesi ikisikilizwa Krismasi. Ingia tovuti ya serikali, sehemu ya kutazama leseni, ukiwa na namba ya leseni, namba ya National Insurance na postikodi, uhakikishe tarehe za makosa. Usichanganywe na pointi kuonekana kwenye rekodi kwa miaka minne: zinazohesabiwa kukufungia ni za miaka mitatu.

Sasa kosa lenyewe. Kwenye kikomo cha 30, kuanzia 51 kwenda juu ni daraja la juu kabisa la mwongozo wa mahakimu: pointi 6, au kufungiwa siku 7 hadi 56. Ndiyo maana hukupewa faini ya kawaida ya pauni 100 na pointi 3, wala kozi ya mwendokasi badala ya pointi. Ukipewa 6 juu ya 6 ulizonazo unafika 12, na 12 maana yake ni kufungiwa miezi sita kwa uchache.

Leseni ya Tanzania haitakusaidia. Kifungo cha leseni (si cha jela) kinamzuia mtu kuendesha Uingereza kwa leseni yoyote. Ukikamatwa unaendesha ni kosa la kwenda jela, na bima inakuwa haina kazi.

Pwani_Leicester
Kwa hiyo si aombe tu afungiwe siku 14 badala ya pointi? Akifungiwa kwa kosa hilo hapewi pointi, anabaki na 6 zake.

Kipimo
Kila mtu hufikiria hivyo, lakini mwongozo umeliziba pengo hilo: kama pointi zingemfikisha mtu 12, hakimu kwa kawaida hatakiwi kutumia kifungo kifupi kumwepusha na kile cha miezi sita. Sheria inaruhusu pointi 3 hadi 6 kwa mwendokasi, na 5 zingemwacha na 11, ila kwa 51 na zaidi mwongozo unataja 6, na hakimu anayeshuka chini yake lazima awe na sababu nzito. Kuomba si kosa. Kulitegemea ombi hilo ndiyo hatari.

Wakili_wa_Ndugu
Njia halisi uliyonayo ni kuthibitisha kwamba kufungiwa kutaleta shida isiyo ya kawaida. Neno zito ni hilo, isiyo ya kawaida. Kupanda basi, kuchelewa, hata kupoteza kazi peke yake, mahakama huona ni matokeo ya kawaida ya kufungiwa. Kinachobeba uzito ni wengine wasio na kosa: mzee ambaye hana mtu mwingine wa kumpa dawa asubuhi, mtoto mwenye miadi ya hospitali, nyumba ambayo kodi yake haitalipika.

Utasema haya kwa kiapo na mwendesha mashtaka atakuhoji, kwa hiyo usiende na maneno matupu. Barua ya mwajiri iseme wazi kwamba utaachishwa na kwa nini hakuna kazi nyingine ya kukupa. Ikisema tu "gari ni muhimu kwa kazi yake" haitoshi. Chukua taarifa za benki za miezi mitatu, mkataba wa nyumba, barua za hospitali. Ratiba ya basi ichapishe pia, uonyeshe kwamba zamu ya alfajiri haifikiki. Swali la kwanza litakuwa: kwa nini mume, jirani au teksi haiwezekani? Jibu liwe na hesabu ya pauni.

Ukikubaliwa, hufungiwi au unafungiwa muda mfupi zaidi, ila pointi 12 zinabaki kwenye leseni, na sababu hizo hizo huwezi kuzitumia tena ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo usizitaje zote kama moja inatosha.

Pwani_Leicester
Wengine huandika kwamba dereva alikuwa ndugu aliyekuja matembezi na amesharudi Dar.

Wakili_wa_Ndugu
Tafadhali mtu yeyote anayesoma hapa asifanye hivyo. Hilo si kosa la barabarani tena, ni kupotosha haki. Mwaka 2013 aliyekuwa waziri, Chris Huhne, na aliyekuwa mkewe Vicky Pryce walihukumiwa jela miezi minane kila mmoja, kisa pointi 3 za mwendokasi. Na kuikalia kimya fomu ya dereva zaidi ya siku 28 ni pointi 6 peke yake.

Kipimo
Mambo ya siku yenyewe, Mama Nuru. Jibu barua ndani ya siku 21. Kama kasi ni ya kweli, kiri mapema, faini inapungua theluthi. Jaza fomu ya kipato, MC100, la sivyo watakukisia. Mfano: kipato cha wiki baada ya kodi kikiwa pauni 480, faini ya daraja lako huanzia asilimia 150, yaani 720, ukikiri inabaki 480. Juu yake kuna tozo ya asilimia 40 ya faini, pauni 192, na gharama za mashtaka. Unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo.

Kesi ya namna hii haina wakili wa zamu wa bure, kwa hiyo panga mapema kama utalipia au utajisemea. Mkalimani wa Kiswahili mahakama hutoa bila malipo. Omba kwenye fomu, usisubiri siku ya kesi.

Na usiende mahakamani ukiendesha. Kifungo huanza hakimu anapokitamka, gari litabaki kwenye maegesho.

MamaNuru
Asanteni sana. Nikifungiwa miezi sita, leseni inarudi yenyewe?

Kipimo
Hapana. Kifungo cha siku 56 au zaidi hufuta leseni. DVLA, idara ya leseni ya Uingereza, watakutumia fomu D27 ya kuomba upya siku 56 kabla hakijaisha. Ukiwa umehama bila kubadilisha anwani haitakufikia. Afadhali moja: kifungo cha kufikisha 12 kinazifuta pointi zote zilizohesabiwa. Kampuni ya bima lakini itauliza hukumu za miaka mitano, na lazima uitaje.