Naomba ushauri: viwanda vidogo vitatu vya bia kwa siku moja, nitajuaje bia ninayoipenda kweli?

KionjoChaKwanza

Wakuu, habari za muda huu. Jumamosi tuko watu wanne, tunataka kuzungukia viwanda vidogo vitatu vya bia. Kila kimoja kina mabomba kati ya 8 na 12. Lengo ni kutoka na bia mbili au tatu ambazo naweza kusema bila kusita kwamba hizi ndizo zangu. Nianze na ipi, nimalizie na ipi? Kiasi gani kinatosha kuonja? Bia nisiyoipenda nitaitofautishaje na bia iliyoharibika? Na ile namba ya uchungu, IBU, inayoandikwa ubaoni, inamsaidia mnywaji? Natanguliza shukrani.

HamiraHai

Mkuu, piga hesabu kwanza, ladha baadaye. Glasi za kuonjea huwa na mililita 100 hadi 150. Tuseme 120. Seti ya vionjo vinne katika kila kiwanda ni mililita 480, na kama kilevi ni wastani wa asilimia 6, umemeza karibu mililita 29 za alkoholi tupu, sawa na gramu 23 hivi. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa haiharakishi wala kuoga maji baridi hakuharakishi. Zidisha mara viwanda vitatu: karibu gramu 70. Kufika kiwanda cha tatu hutakuwa unaonja, utakuwa unakunywa tu, na kila bia itakuwa tamu.

Kwa kuwa mko wanne, agizeni seti moja kwa kila watu wawili. Mililita 60 kwa mtu zinatosha kabisa: fundo la kwanza la kuzoea, la pili la kuchunguza, la tatu la kuthibitisha. Hapo vionjo 12 vya siku nzima ni mililita 720, kama gramu 34, na mkizisambaza kwa saa tano au sita ulimi unabaki na akili zake. Kuleni kabla ya kuanza. Dereva awe mtu asiyeonja hata tone.

Mpangilio: fuata kilevi na uchungu, usifuate rangi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Stauti kavu nyeusi tii inaweza kuwa na asilimia 4 tu na ikawa nyepesi kinywani, wakati bia ya dhahabu ya mtindo wa Ubelgiji inafika asilimia 8 au 9. Utaratibu unaofanya kazi ni laga na pilsna, kisha bia ya ngano, kisha eli (ale) nyekundu au ya kahawia, kisha stauti kavu, ndipo IPA (eli chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu), na mwisho zile nzito zenye kilevi kikubwa. Ukianza na IPA kali, pilsna inayofuata utaiona maji matupu, na kosa si lake. Uchungu wa hopsi hujilimbikiza ulimini fundo baada ya fundo.

UlimiMtulivu

Naongeza kuhusu bia chachu, zile zilizotiwa uchachu kwa makusudi. Mimi ningeziweka mwisho kabisa, au nizipe raundi yake. Tindikali ikishapita, bia laini ya kimea inayofuata huonekana tamu kupita kiasi.

IBU ni miligramu za viambato vichungu vya hopsi katika lita moja. Ni kipimo cha maabara, hakipimi uchungu unaousikia. Namba 40 katika pilsna kavu inauma. 40 hiyohiyo katika stauti yenye utamu mwingi wa kimea hutaitambua. Hata maji yanachangia: yenye salfati nyingi huufanya uchungu uwe mkavu na mkali, yenye kloraidi nyingi huulainisha. Kwa hiyo soma asilimia ya kilevi na mtindo wa bia kwanza, IBU iwe ya mwisho.

BombaSafi

Swali la bia iliyoharibika ndilo kubwa kuliko yote hapo, maana watu wengi wanakataa bia nzuri kwa kosa la glasi, na wengine wanasifu bia mbovu wakidhani ndio mtindo.

Glasi inapoletwa, usiinywe. Itazame ubavuni. Ukiona viputo vimeganda kwenye ukuta wa glasi badala ya kupanda juu, glasi hiyo ina mafuta au mabaki ya sabuni, na povu litakufa ndani ya dakika moja. Glasi safi inaachia povu la vidole viwili hivi, na kila unapokunywa linabakiza pete nyeupe ukutani. Una shaka? Omba glasi tupu, iloweshe, mimina maji: yakishuka kama utando mmoja, ni safi, yakikatika matone matone, si safi. Glasi iliyogandishwa kwa barafu ikatae kwa upole. Baridi hiyo inaua harufu, na barafu ikiyeyuka inaongeza maji kwenye bia.

Kisha nusa kabla ya kumeza, mivuto mifupi miwili. Zungusha glasi kidogo, nusa tena. Kunywa, meza, halafu toa pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Sehemu kubwa ya unachokiita ladha inapita njia hiyo. Usiteme kama wafanyavyo waonja mvinyo: uchungu wa bia unasikika vizuri ukishameza.

Harufu za kukamata:

Siagi, au bisi zenye siagi. Hamira huizalisha wakati wa kuchacha, kisha huila yenyewe mwishoni. Mpika bia akipoza tangi mapema, inabaki. Lakini inaweza pia kutoka kwa bakteria waliojijenga kwenye mirija ya bomba. Kutofautisha ni rahisi: ikiwa siagi iko kwenye bia moja tu, shuku tangi, ikiwa iko kwenye bia tatu za mitindo tofauti, shuku mirija.

Tufaha bichi: bia changa, imetolewa kabla hamira haijamaliza kazi.

Mahindi ya kuchemsha: inatokana na kimea chepesi. Kuchemsha kwa nguvu bila kifuniko dakika 60 hadi 90 huiondoa na mvuke; kuchemsha kivivu au kupoza polepole kunaiacha.

Boksi lililolowa: hewa ya oksijeni iliingia wakati wa kujaza, au pipa limekaa kwenye joto. Bia hiyo imezeeka.

Siki: bakteria na hewa, mara nyingi bomba halijasafishwa.

Kunuka kama kicheche: mwanga. Jua huvunja viambato vya hopsi, na kwenye glasi wazi ni suala la dakika chache tu. Ukikaa nje juani na bia ikaanza kunuka nusu ya glasi, usimlaumu mpika bia. Hamia kivulini.

Na ambazo si kasoro: ndizi na karafuu katika bia ya ngano ya mtindo wa Ujerumani zinatoka kwa hamira na zinatakiwa ziwepo. Ukungu katika IPA ya mtindo wa mawingu ni wa kawaida. Siagi kidogo sana inavumilika katika baadhi ya pilsna za Kicheki.

Uliza swali moja kaunta: "Mirija mmesafisha lini?" Kiwango kizuri ni kila siku 14. Mhudumu anayetaja siku bila kufikiri anakupa jibu zuri kuliko ubao mzima wa majina.

KionjoChaKwanza

Ahsanteni sana, hili la glasi sikuwa nalijua kabisa. Swali la nyongeza: joto la bia lina umuhimu gani? Na nikishachagua tatu, nitajuaje kwamba sikuvutwa na jina au picha ya ubaoni?

HamiraHai

Joto kwa ufupi: laga nyuzi 4 hadi 7, eli nyingi 8 hadi 12, stauti nzito 12 hadi 14. Mabomba mengi hutoa zote kwa baridi ileile, kwa hiyo stauti nzito ikija baridi sana ikumbatie kwa viganja dakika tano. Harufu ya kakao na kahawa inafunguka mbele yako. Pilsna usiifanyie hivyo.

GlasiTatu

Hilo la kuvutwa na jina lina dawa. Chagua bia mbili zinazokaribiana, mathalani pilsna ya kiwanda hiki na ya kile. Mwenzako amimine glasi tatu wewe ukiwa umegeuka: mbili za bia moja, ya tatu ya nyingine. Aandike chini ya kila glasi. Wewe kazi yako ni moja tu, kuitaja iliyo tofauti. Kama rangi zinatofautiana, tumia vikombe visivyoonyesha ndani. Hakikisha zote zina joto moja na kiasi kimoja, la sivyo utatambua baridi badala ya bia.

Kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tatu. Ukipatia mara tatu mfululizo, kubahatisha ni nafasi moja kati ya 27, hapo amini ulimi wako. Ukishindwa kuzitofautisha, basi kusema unaipenda moja kuliko nyingine ni kusifu lebo. Zote mbili zihesabu kama moja na uendelee.

Siku ya ziara yenyewe andikeni kimyakimya kabla ya kuzungumza. Mmoja akisema "nasikia embe", meza nzima itasikia embe. Andika jina, asilimia ya kilevi, harufu mbili, uchungu kwa namba 1 hadi 5, na swali la mwisho: ningeagiza glasi nzima? Ndiyo au hapana.

UlimiMtulivu

Napingana kidogo na mkuu GlasiTatu. Jaribio lake ni zuri, ila kionjo kidogo kina upendeleo wake: katika mililita 60, bia tamu, nzito na yenye matunda hushinda karibu kila mara. Zinapiga kelele. Laga kavu hunyamaza kwenye kionjo kisha inang'aa kwenye glasi nzima. Kwa hiyo orodha ya Jumamosi iwe ya kuchuja tu. Rudi siku nyingine, agiza glasi nzima ya moja, na angalia robo ya mwisho: bado unaitamani au unailazimisha?

GlasiTatu

Hapo nimekubali, glasi nzima siku nyingine.

BombaSafi

Na kama utabeba nyumbani: chupa kubwa ya kahawia isukumwe hewa kwa gesi ya ukaa kwanza, ijazwe kwa mrija kutoka chini, si kumiminiwa juu kama maji. Ikiwa imefungwa na iko kwenye friji, inywe ndani ya wiki. Ukishaifungua, imalize ndani ya siku moja au mbili. IPA usibebe kwa chupa ya namna hiyo kama kuna kopo lenye tarehe ya kujazwa. Harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka, na baada ya miezi mitatu unakunywa bia nyingine.