DVD ya harusi inatoka na vijiboksi, nifanyeje?

MamaPicha: Wakuu, naombeni msaada. Nimerekodi harusi ya mdogo wangu, saa mbili kamili. Kwenye kompyuta picha ni safi, lakini nikishachoma DVD, watu wakianza kucheza picha inavunjika vijiboksi, na shela la bibi harusi linatetemeka. Programu nimeiachia ichague yenyewe.

FundiDiski: Dada, piga hesabu kwanza. Diski ya tabaka moja inabeba baiti bilioni 4.7, yaani biti bilioni 37.6. Gawanya kwa sekunde 7,200, unapata kama megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Sauti ya PCM, yaani isiyobanwa, peke yake inakula megabiti 1.5! Tumia AC-3, sauti iliyobanwa, ya kilobiti 192. Kisha bana picha kwa mizunguko miwili: wa kwanza programu inapima wapi pana purukushani, wa pili inagawa biti. Hotuba zinapewa kidogo, ngoma zinapewa nyingi. Inachukua muda, iache usiku.

Kanda_za_Zamani: Huo mtetemo ni kitu kingine. Kama kamera inarekodi kwa mistari inayopishana, angalia mpangilio wa fildi (zile nusu mbili za kila picha, kila moja na mistari yake), ya juu kwanza au ya chini kwanza. Ukikosea, kila kinachosogea kinatetemeka.

MamaPicha: Fildi zilikuwa kinyume kweli! Shela limetulia, nimefurahi mno. Vijiboksi vimebaki kidogo pale taa za ukumbini zinapomweka.

FundiDiski: Basi igawe diski mbili. Mimi sizidishi dakika 90 kwa diski.