Matembezi ya Old Kampala na Mengo kwa Kiswahili: naomba ushauri

Mwalimu wa Tororo

Wanajukwaa, habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Tororo. Muhula ujao nakusudia kuwapeleka Kampala wanafunzi 24 wa kidato cha tatu. Sitaki waipite historia ndani ya basi huku wakichungulia madirishani. Nataka wapande vilima vya Old Kampala, Namirembe na Mengo kwa miguu yao, wakiongozwa na mtu anayevijua, na maelezo yote wayasikie kwa Kiswahili.

Sababu yangu ni hii. Wengi wa wanafunzi hawa wamelelewa wakiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kambini, lugha iliyotumiwa na askari kwenye vizuizi vya barabarani kuwaamrisha wazazi na babu zao. Siwalaumu wazee, kwa maana waliyoyaona waliyaona. Lakini somo hili sasa limewekwa katika mitaala yetu, nami siwezi kulifundisha kwa moyo mkunjufu darasani ikiwa mwanafunzi anaamini kwamba lugha hii iliingia Uganda ikiwa imeshika bunduki. Nataka asimame Mengo, mahali ilipozungumzwa kwa mara ya kwanza katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ajue kwamba ilitangulia kambi.

Naomba kujua: je, yupo mwongozaji anayeweza kueleza kwa Kiswahili kilichonyooka? Vilima vingapi vinatosha kwa siku moja, ikiwa tutatoka Tororo alfajiri na kurudi usiku? Na je, ni busara kuwaingiza watoto wa umri huo katika lile handaki la mateso lililomo ndani ya Lubiri, yaani uwanja wa ikulu ya Kabaka?

Mkazi wa Namirembe

Mwalimu, nimefurahi kusoma nia yako, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo naipita kila wiki.

Kwanza naomba nirekebishe jambo moja kabla hujalifikisha kwa wanafunzi. Kiswahili hakikuzungumzwa kwa mara ya kwanza Mengo. Zamani kila Kabaka alijenga mji wake mwenyewe, hata Kabaka mmoja aliweza kuhama kilima zaidi ya mara moja katika utawala wake, na Mengo ilipata kuwa makao ya ufalme katika miaka ya 1880, wakati wa Kabaka Mwanga. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suuna II mwaka 1844, miongo minne kabla ya hapo, na baada yake misafara ya Waarabu na Waswahili iliendelea kuja. Kabaka Mutesa I mwenyewe alijifunza Kiswahili na Kiarabu, na wamisionari walipofika walianza kufundisha kwa vitabu vya Kiswahili kwa kuwa Luganda ilikuwa bado haijachapishwa. Kwa hiyo unachotaka kuwaonyesha ni kweli, ila mahali pake ni pengine. Ukipenda, mwambie mwongozaji aanze na maneno ya Luganda yaliyotokana na Kiswahili, yaliyomo vinywani mwao tayari: *ekitabo*, *essaawa*, *emmeeza*, *ssabbuuni*. Nimewahi kumwona mwongozaji mmoja akifanya hivyo kando ya barabara, na kijana aliyekuwa akichezea simu akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kuhusu njia, mwaka juzi nilipokea wageni saba wa familia kutoka Mombasa, nikamlipa kijana mmoja aliyejitangaza kuwa anazungusha watu vilima vitano kwa siku moja. Ilikuwa hasara. Alitembea mbele yetu hatua ishirini, akasimama kwenye kelele za bodaboda kututajia miaka, kisha akaondoka kabla mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 70, hajafika. Kufikia saa tisa hakuna aliyekumbuka kanisa lipi lilikuwa la nani. Siku ya pili tukaenda wenyewe, kilima kimoja baada ya kingine, na kila tulipofika tukamchukua mwongozaji wa mahali pale pale. Hiyo ndiyo njia ninayokushauri.

Anzeni Msikiti wa Taifa, Old Kampala. Ujenzi wake ulianza zama za Idi Amin, ukasimama kwa miaka mingi, ukakamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2007. Wasichana huazimwa ushungi na nguo ndefu ya kujifunga kwenye mapokezi, na wote huvua viatu, kwa hiyo waambie wavae soksi safi na viatu visivyo na kamba nyingi, maana vijana 24 wakifungua na kufunga kamba mtapoteza nusu saa. Huko tulimpata mwongozaji aliyezungumza Kiswahili fasaha kuliko mimi. Omba mapema kwa simu, taja lugha, na usiende Ijumaa.

Halafu pandeni mnara. Una ngazi 304 zinazozunguka ukutani, na mtu akifika juu hukaa kimya kidogo, si kwa uchovu tu. Kampala yote inakuwa chini yako: mabati yenye kutu, kiwanja cha taksi ambapo magari meupe yamebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na ng'ambo vilima vingine vimesimama kila kimoja na nyumba yake ya ibada. Namirembe ni Waanglikana, Rubaga ni Wakatoliki, Kibuli ni Waislamu. Hapo juu ndipo pa kueleza Januari 1892. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alikuwa amepiga kambi kwenye kilima hiki tangu Desemba 1890, na mapigano yalipozuka kati ya Waganda wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, aliwaunga mkono Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim. Darasani mwanafunzi hushangaa vita ya namna hiyo iliwezekanaje. Juu ya mnara haulizi tena, kwa sababu anaona kwa macho yake jinsi Mengo na Rubaga zilivyo karibu.

Kutoka hapo teremkeni, mpande Namirembe. Jina lenyewe linatokana na *mirembe*, yaani amani. Kanisa kuu mnaloliona lilijengwa kuanzia 1915 hadi 1919. Moja lililolitangulia liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na jingine liliteketezwa na radi mwaka 1910. Waonyeshe ngoma zilizotumika kuwaita waumini, kisha wakae kwenye nyasi wale chakula chao. Msiende Jumamosi, kwa sababu harusi hufuatana na hakuna atakayewasikiliza.

Binti wa Bombo

Mwalimu, shukrani kwa swali lako. Mimi ni Mnubi, na naomba kusema neno kuhusu kambi.

Naelewa unataka kuwaonyesha watoto kwamba Kiswahili kilitangulia bunduki, na Mkazi wa Namirembe amekupa ushahidi. Lakini tafadhali usiwaruke askari kana kwamba hawakuwapo, kwa sababu kilima hicho hicho cha Old Kampala ndicho kinachoeleza kwa nini wazee wa Tororo waliisikia lugha hii kwenye vizuizi. Mwaka 1891 Lugard alikwenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko baada ya Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta, kuondoka. Hao ndio mababu zetu. Hawakuja kwa kupenda kwao kutawala mtu. Walikuwa wamekwama mbali na kwao pamoja na wake na watoto, wakaajiriwa. Baadaye, mwaka 1902, askari wa Uganda waliunganishwa na wa maeneo mengine kuunda King's African Rifles, na jeshi la watu wa makabila mengi namna hiyo lilihitaji lugha moja. Ndipo Kiswahili kilipoingia kambini, na kutoka hapo amri zikatoka kwa Kiswahili.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kinubi na bibi, na Kiswahili na majirani, wala hatukuona kwamba lugha ya pili ni ya kuogopesha. Bibi alinifundisha kwayo kusuka mkeka wa majani ya mkindu na kuhesabu rangi zake. Basi mwanafunzi wako akiuliza kuhusu askari, mwongozaji asikwepe. Amweleze pale pale kwenye kilima, na amweleze pia kwamba lugha hiyo hiyo ilikuwa ya jikoni na ya mkekani.

Jambo dogo la kuongeza: ngome ya Lugard yenyewe iliondolewa wakati wa ujenzi wa msikiti, na jengo mnaloonyeshwa pembeni ni la mfano wake. Waambieni watoto hivyo bila kuficha. Waambieni pia kwamba Makumbusho ya Uganda yalianzia katika ngome hiyo mwaka 1908, kabla ya kuhamia Kitante.

Mzee wa Njia

Niliongoza wageni kwa miaka mingi kabla magoti hayajanikataza. Nitasema mambo ya kazi tu.

Watu 24 ni wengi kwa sauti moja. Wagawe makundi mawili, kila kundi na mwalimu wake na mwongozaji wake, na la pili lianze dakika ishirini baada ya la kwanza. Hata mnara utawapokea vizuri zaidi. Mwongozaji mwema hazungumzi akitembea. Hutembea kimya, akafika mahali penye kivuli mbali na barabara, akamngoja wa mwisho, ndipo akafungua mdomo. Ukitaka kumpima kabla ya kumlipa, mwombe akuoneshe atasimama wapi. Anayejua kazi atakutajia mti, ukuta au kizingiti. Asiyejua atakutajia miaka.

Kuvuka barabara kati ya Old Kampala na Namirembe ndiko kwenye hatari halisi ya siku hiyo. Mwalimu mmoja awe mbele, mmoja nyuma, na bodaboda wasidhaniwe kuwa watasimama.

Mengo anzeni Bulange, bunge la Buganda, kisha mfuate Kabakanjagala hadi Lubiri. Jina la barabara lina maana ya "Kabaka ananipenda", nao watoto wanaoijua Luganda watafurahi kuwatafsiria wenzao. Imenyooka kama uzi kutoka lango hadi lango, na kando yake kuna alama za miziro, yaani wanyama na mimea ambayo kila ukoo wa Waganda huitukuza na kuepuka kuila. Waachie watoto nafasi watafute kima, simba, uyoga na kambare-mamba. Njiani kuna mzunguko wa magari ambao katikati umepasuliwa njia yenye mageti. Hapo wasimamishe. Sisi sote tunazunguka. Kabaka peke yake ndiye hupita katikati, kwa kuwa njia ya Kabaka haipindi. Nimewaona watu wazima wakikaa hapo muda mrefu kuliko ndani ya jumba lolote.

Kuhusu handaki: lilijengwa zama za Amin kuwa ghala la silaha, likageuzwa mahali pa kufungia na kuua watu. Kuna maji sakafuni, na kutani kuna maandishi ya mkaa na alama za viganja vya waliokuwa humo. Mimi sikuwahi kumwingiza mtoto asiyetaka. Waeleze nje, kwenye jua, kwamba mnamo 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, rais wa wakati huo, yakiongozwa na Amin yaliivamia Lubiri, Kabaka Mutesa II akatoroka na kufia London mwaka 1969, na kwamba baada ya uvamizi huo eneo likawa la jeshi. Kisha anayetaka aingie na mwalimu, na asiyetaka abaki bila kuonewa haya. Ikulu yenyewe, Twekobe, haiingiwi na wageni, kwa hiyo usiwaahidi.

Mwalimu wa Tororo

Wazee wangu na dada yangu wa Bombo, nimesoma yote mara mbili na nimewasomea walimu wenzangu. Nakiri nilikosea kuhusu Mengo, na nimekwisha kurekebisha maandalio yangu ya somo. Binti wa Bombo, nimekusudia wanafunzi wakisimama penye ngome niwasomee maneno yako kuhusu bibi na mkeka, ukiniruhusu.

Mpango wangu sasa ni Jumatano: msikiti saa nne asubuhi, Namirembe saa saba kwa chakula, Mengo saa nane, na jioni tupite makaburi ya Kasubi tukielekea nyumbani. Je, unawezekana?

Mkazi wa Namirembe

Jumatano ni siku nzuri. Kasubi iondoe, Mwalimu. Si mahali pa kupitia. Wamelala pale Makabaka wanne, nyumba yenyewe iliungua mwezi Machi 2010 na ikachukua miaka mingi kuirudisha, na mtu huingia akiwa amevua viatu, akaketi chini na kusikiliza. Tena haiko njiani kuelekea Tororo. Iko upande wa pili wa mji, na saa kumi na moja jioni msongamano utawameza. Ipe siku yake mwaka ujao.

Na hiyo saa nne ya msikiti ni ya matumaini. Kutoka Tororo ni zaidi ya kilomita 200, na daraja la Jinja na foleni ya Mukono havimjui mtu. Ama mwondoke saa tisa za usiku, ama mlale Kampala usiku wa Jumanne, ambalo ndilo ningelifanya mimi, ili watoto wapande ngazi zile wakiwa wamelala na kula.

Binti wa Bombo

Ruhusa unayo, Mwalimu. Ila usome pia kwamba mkeka wenyewe bado upo, nami naukalia ninapoandika haya.