Oveni ya umeme, ya gesi, au makaa ya kupalia? Nataka kuoka kutoka daftari la bibi

NusuRatili:
Wadau, habari za saa hizi. Nimeachiwa daftari la mapishi la bibi mzaa mama: mkate wa mayai, mkate wa kumimina, biskuti za samli, yote kwa mwandiko wake. Mwisho wa mwezi nataka kununua kifaa. Nimebaki na matatu: oveni ya umeme ya mezani, jiko la gesi lenye oveni chini, au nirudi kwenye sufuria na makaa kama yeye. Lipi bora?

KibabaTele:
Bora kwa nani? Uko wapi, una shilingi ngapi, unapikia watoto au unauza? Daftari linasema moto kiasi gani? Unauliza kama sote tunakaa barazani kwenu.

MamaIliki:
Chukua ya umeme, mdogo wangu. Yangu ya lita 45 ina moto wa juu na wa chini, kila mmoja na swichi yake. Mkate ukianza kuungua usoni nazima wa juu, basi.

FundiMtungi:
Kwa LUKU hii? Wati 2,000 kwa saa nzima ni yuniti 2. Kama uko kwenye bei ya wanaotumia kidogo, siku utakapovuka yuniti 75 kwa mwezi ndipo utajua hujui. Gesi.

MamaIliki:
Kaka, haiwaki mfululizo. Ikishika joto inajizima, ikipoa inajiwasha.

MpwaWaPangani:
Gesi sawa, ila jihadhari na majiko ya mtumba. Mimi nilinunua moja lililotoka Ulaya, linang'aa, kioo kizima. Muuzaji akaniambia nifunge mtungi tu nipike. Shangazi alikuwa na maulidi, nikajitolea keki. Nawasha oveni, moto mrefu wa njano unalamba hadi pembeni, jikoni harufu inakaba koo. Keki ya kwanza chini mkaa, katikati uji. Ya pili vilevile. Masizi yakapanda ukutani, na mayai trei nzima yamekwisha. Wageni walikula maandazi ya dukani na shangazi hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenisema. Fundi alipolifungua akanionyesha vitundu vya gesi: lilitengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba, na gesi yetu ya mtungi inataka vitundu vidogo zaidi. Moto wa namna ile unatoa hewa yenye sumu, angalau madirisha yalikuwa wazi. Kubadilisha vitundu ni kazi ndogo, lakini muuzaji alijua na akanyamaza. Simu yangu hakupokea tena.

FundiMtungi:
Hilo si kosa la gesi. Moto wa bluu ndiyo dalili, mwambie awashe mbele yako dukani.

MzeeMakaa:
Mnahangaika bure. Mkate wa kumimina unataka makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Unapalia, unangoja, unanusa. Oveni zenu zinaukausha.

NusuRatili:
Shikamoo mzee. Niko Tanga mjini, nyumba ya kupanga, laki nne mwisho. Napikia nyumbani, labda Ramadhani niuze kidogo. Daftari kwingine linasema "moto 350", kwingine "moto wa kadiri". Vipimo ni ratili na wakia.

KibabaTele:
Hayo ndiyo ungeanza nayo. 350 ni Farenihaiti, yaani kama 177 kwenye oveni ya leo, usije ukatafuta 350 kwenye kitufe. Yenye feni, punguza digrii 20. Ratili weka gramu 454, wakia 28. Na pima sinia la bibi kabla ya kutoka nyumbani. La inchi 14 oveni nyingi za mezani hazilipokei, mlango haufungi.

MpwaWaPangani:
Na mayai! Bibi alitumia ya kuku wa kienyeji, madogo. Akisema kumi, ukivunja kumi ya kisasa unga utakuwa majimaji. Yapime kwa mizani.

MamaIliki:
Sukari nayo punguza theluthi. Wazee walipenda tamu.

MzeeMakaa:
Usimpunguzie. Mkate wa mayai hauna hamira, mayai yakipigwa na sukari ndiyo yanaunyanyua. Pika kwanza kama ulivyoandikwa.

NusuRatili:
Mkate wa kumimina umeandikwa "tembo la mnazi robo bilauri". Niweke hamira?

MamaIliki:
Hamira kijiko cha chai kwa kilo ya mchele. Tembo la nini kwenye nyumba ya Kiislamu?

MzeeMakaa:
Mama, tembo la asubuhi linagemwa tamu, watu wakiumulia unga tangu zamani. Hamira ya dukani inaumua lakini haina ule uchachu.

MamaIliki:
Shikamoo, ila tamu ya asubuhi saa nne imeshachacha. Ndiyo maana inaumua. Mama yangu alilowesha mchele, akausaga na tui, akauacha usiku na hamira kidogo, na uchachu ulikuwepo.

FundiMtungi:
Kwa laki nne jiko jipya la gesi lenye oveni hupati, labda ya mezani.

MzeeMakaa:
Usiku mzima na tui, joto la Tanga? Si litavunda hilo?

MamaIliki:
Tui bichi ndiyo linavunda. Unalichemsha, unalipoza, ndipo unasagia.