Dodoma: Msamaha wa matibabu usio na dawa ni uonevu kwa wazee wetu. Acheni kutuambia ni bure!

Mbukwenyi wakuu,

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa lote. Mwenye kukereka akereke.

Nchi hii ina Sera ya Afya ya mwaka 2007. Inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, na wagonjwa wa magonjwa sugu kama kifua kikuu, UKIMWI na ukoma watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Viongozi wanaitaja kwenye kila mkutano wa hadhara. Imeandikwa ukutani. Kuna mpaka dirisha la wazee lenye kibao chake. Halafu mzee anafika kwenye hilo dirisha, anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje.

Sijaja kulalamikia foleni. Foleni nitakaa. Sijaja kuwasema manesi wala madaktari pia, maana najua mganga mmoja wa zahanati anahudumia wagonjwa wangapi. Nalalamikia huu uongo wa neno "bure".

Mama yangu mdogo anaishi kijijini huko wilaya ya Bahi. Amevuka miaka 70, ana presha na sukari. Analima uwele na mtama, na mvua za huku mnazijua: zinaanza Desemba, Februari jua linachoma kila kilichoota, Aprili zimekwisha. Pensheni hana. Kitambulisho cha matibabu cha mzee anacho. Alikipata baada ya kuzungushwa kwa mtendaji, mara barua, mara muhuri, mara picha. Zahanati ya kijiji dawa ya sukari haina, kwa hiyo wanamwandikia rufaa aje mjini. Nauli juu yake, au tuseme juu yangu.

Hospitali ya serikali tuliyokwenda siitaji, maana ukweli ni kwamba ningeweza kuandika haya haya kuhusu nyingine yoyote. Kumuona daktari hakulipa, hilo ni kweli, na daktari mwenyewe alikuwa kijana mwenye adabu, alimwita "bibi" na akamsikiliza mpaka mwisho. Tukaenda dirisha la dawa. Kwenye cheti zilikuwa dawa tatu, akapewa moja. Nyingine mbili zikawekewa alama kuwa hazipo. Nje ya geti kuna duka la dawa, hata jasho halijakutoka umeshafika, na zote mbili zipo, za kampuni unayotaka. Nikalipa.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Kwenye foleni ile ile alikuwepo mtumishi mwenye kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa. Naye dawa yake moja haikuwepo. Yeye akajaziwa fomu, ile ya 2C, akachukue dawa kwenye duka lenye mkataba na mfuko bila kutoa shilingi. Simchukii, anakatwa mshahara wake kila mwezi, asilimia 3 yake na 3 ya mwajiri. Nachouliza ni kwa nini mwenye mshahara akikosa dawa serikalini ana njia ya pili, na mkulima wa Bahi mwenye miaka 70 na zaidi akikosa dawa hiyo hiyo anapewa karatasi tupu na pole.

Jibu nimelitafuta kwa watu wanaofanya kazi humo humo ndani, na ni la kihesabu kabisa. Kituo kinanunua dawa Bohari ya Dawa kwa fedha kinazopewa na serikali pamoja na kinazokusanya chenyewe: za papo kwa papo, za bima, na za CHF, ule mfuko wa afya ya jamii. Mgonjwa wa bima akitibiwa, kituo kinapeleka madai na kulipwa, hata kama malipo yanachelewa. Wa fedha taslimu analipa hapo hapo. Mzee wa msamaha akitibiwa hakuna anayerudisha ile hela. Dawa imetoka kwenye rafu, na pengo lake halina mtu wa kuliziba. Mfamasia akiwahudumia wazee wote na watoto wote kama sera inavyosema, mwezi haujaisha rafu ni nyeupe, na mwezi unaofuata hana cha kuagizia. Kwa hiyo kila kituo kinajifunza chenyewe kubana, na kinambana nani? Yule asiyeleta hela.

Yaani kuna mtu alikaa Dodoma hii hii akaandika msamaha, na hakuandika fungu la kuulipia. Hilo ndilo tatizo lenyewe, mengine yote ni matawi yake.

Na msiniambie haiwezekani. Nenda kliniki ya kifua kikuu leo, dawa utazikuta, na hulipi. Nenda CTC, kliniki ya wenye VVU, mtu anachukua dozi yake ya ARV na kurudi nyumbani. Kongwa kule macho ya watu yalikuwa yakiharibiwa na trakoma kizazi hadi kizazi, na dawa ziligawiwa vijijini bila mtu kudaiwa senti. Kwa nini hizo zipo na dawa ya presha haipo? Kwa sababu hizo zina mafungu yake yanayojulikana, na sehemu kubwa ya hela hizo imetoka kwa wafadhili. Hilo linanitia hasira na hofu kwa pamoja. Mfadhili akiondoka tutaambiwa na hizo tukanunue nje?

Nije kwenye mazuri, maana najua wapo watakaosema mleta uzi hana shukrani. Nina shukrani, na nitayataja bila kulazimishwa. Chanjo za watoto zinafika mpaka vijijini. Mfumo wa m-mama ni kitu cha maana sana. Mjamzito akizidiwa usiku kule Chemba au Mpwapwa unapigwa 115, gari linakuja, na kama gari la wagonjwa halipo anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na halipi mjamzito. Takwimu za utafiti wa kitaifa zilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na mwaka 2022 zikaonyesha 104. Hao ni mama zetu na dada zetu walio hai. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, mgonjwa wa kanda ya kati hana tena haja ya kufikiria Muhimbili au India kwa kila kitu. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, zile trilioni 1.3, ziliingia pia kwenye wodi za mahututi na mashine za mionzi. Tozo za miamala tulizolia nazo mwaka huo huo tuliambiwa zinajenga vituo vya afya, na majengo tunayaona.

Na kuna jambo la Machi 2024 ambalo mimi sitalisahau. NHIF ilileta kitita kipya cha bei, hospitali nyingi binafsi zikagoma kupokea kadi. Watu wenye kadi, waliokuwa wakituonea huruma sisi wa foleni, walikimbilia wapi? Walikuja huku huku kwenye mabenchi ya serikali, na wakapokelewa. Hospitali ya umma haiwezi kukufungia mlango kwa sababu bei haijaipendeza. Ndiyo maana naitetea na ndiyo maana imenikasirisha kiasi hiki. Ingekuwa duka la mtu ningehama tu nikanunue kwingine.

Lakini jengo halitibu presha, wakuu. Nimepita kituo cha afya kipya kabisa, vigae vinang'aa, na bado mjamzito anapewa orodha ya kuja nayo: glovu, pamba, mpira wa kulalia, viwembe, kibanio cha kitovu. Sera inasema bure. Orodha ipo mkononi mwake. Mama wa Majengo anayeuza nyanya anaanza kudunduliza mimba ikiwa na miezi mitano, na asipotimiza anaogopa kwenda, asije akasemwa mbele za watu. Akijifungulia nyumbani mnamlaumu yeye kwamba hana elimu.

Wazee wetu wanakumbuka enzi baada ya Azimio la Arusha, matibabu yalipokuwa ya kodi. Mwaka 1977 hata hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku, zikarudi 1991. Mwaka 1993 ndipo tukaanza kuchangia gharama, kwa hoja kwamba serikali haina uwezo. Sawa, uchumi ulikuwa umeanguka. Misamaha iliwekwa ili kuchangia kusimfukuze maskini getini. Miaka zaidi ya 30 imepita. Mchango tunaulipa kikamilifu, msamaha ndio umebaki wa mdomoni.

Kuna watakaosema "mkatie CHF iliyoboreshwa, 30,000 tu kwa kaya ya watu sita". Nilimkatia. CHF inakupeleka kwenye dirisha lile lile, dawa ikiwa hakuna inakuwa hakuna. Kwa hela hiyo, iliyogawanywa kwa watu sita kwa mwaka mzima, kituo kitanunua nini? Na watakaosema "subiri bima ya afya kwa wote": sheria ilipitishwa Novemba 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nina jambo la kuuliza. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF iliyokuwa ya shilingi 50,400, ilisitishwa Machi 2023, na hoja ilikuwa kwamba watu walikuwa wakiwaandikisha watoto wakishaugua, mfuko unabeba mzigo. Kama mfuko ulishindwa kuwabeba watoto ambao wazazi wao walikuwa wanalipa, wazee wasiolipa chochote watabebwa na fungu lipi? Linaitwaje? Lina shilingi ngapi mwaka huu? Atakayenijibu kwa namba nitamshukuru hadharani.

Afrika nzima ilikaa Abuja mwaka 2001, viongozi wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Sisi tulikuwepo. Mwaka hadi mwaka tuko chini ya hapo.

Kinachouma zaidi kwa sisi watu wa Dodoma ni kwamba wenye maamuzi tunaishi nao. Wizara ya Afya ipo Mtumba. TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa yenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ipo Mtumba. Bunge tunalipita kila siku tukienda kazini. Ukilalamikia zahanati Wizara inakwambia hiyo ni ya TAMISEMI, ukilalamikia hospitali ya rufaa ya mkoa TAMISEMI wanakwambia hiyo ni ya Wizara, na dawa ukiulizia utaambiwa Bohari. Mzee wa Bahi atagonga mlango upi?

Nachotaka si kikubwa. Kila halmashauri iwe na fungu la misamaha linaloonekana kwenye bajeti, na kituo kikimtibu mzee kidai na kilipwe kama kinavyodai NHIF. Mzee akikosa dawa dirishani apewe fomu ya kuchukulia dukani kama anavyopewa mtumishi. Kila mwezi orodha ya dawa zilizopo na zisizopo ibandikwe nje ya geti, ili mtu asitoe nauli kutoka Mundemu mpaka mjini kufuata rafu tupu. Na mpaka hayo yafanyike, diwani wangu na mbunge wangu waache kusimama jukwaani kusema wazee wanatibiwa bure. Waseme wanaonwa na daktari bure. Dawa wananunuliwa na watoto wao, na asiye na mtoto mwenye kipato anakaa na presha yake.

Mlioko Kondoa, Manyoni, Singida, huko kwenu hali ikoje? Na wafamasia mliomo humu, najua mpo: nimekosea wapi kwenye hesabu ya rafu? Nisahihisheni kwa hoja. Bunge la bajeti likianza nataka nimwandikie mbunge barua yenye majina ya dawa zinazokosekana kwenye vituo vyetu, kwa hiyo kila mmoja aandike hapa chini dawa aliyoambiwa akanunue nje na wilaya aliyopo.