Ulinganisho: Rye, Whitby, Southwold au Deal kwa mapumziko ya kimya na mama

BintiMakorora:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.
Mama anakuja kutoka Tanga, atakuwa nami hapa Leicester, Uingereza, hadi Oktoba. Hajapanda hata ndege, ameshauliza bahari iko upande gani. Nataka nimpeleke mji wa zamani wa pwani siku nne tano, mwezi wa tisa. Pawe kimya, pasiwe na mashine za kamari zinazolia mpaka usiku. Ni mwalimu mstaafu, hapiti kibao bila kukisoma, kwa hiyo historia ni lazima. Magoti yanamsumbua. Gari sina. Nimechuja nikabaki na hiyo minne hapo juu. Waliofika naomba ukweli.

KinyoziWaLuton:
Nenda Brighton, mambo yote yako kule.

BintiMakorora:
Kaka, nimesema kimya.

Mama Nasra:
Mimi niko Ashford, Rye naiendea kwa treni kama naenda sokoni. Ni mzuri usipime. Hoteli ya Mermaid ilijengwa upya 1420 juu ya mahandaki ya zamani zaidi, na saa ya kanisa la St Mary inafanya kazi tangu karne ya 16. Lakini mdogo wangu, Mermaid Street yenyewe ni mlima, tena umetandikwa mawe ya mviringo. Mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Watu wenye magoti mazima nawaona wanashuka huku wameshika kuta.
La pili, bahari haipo! Dhoruba ya 1287 iliuhamisha mto Rother ukaja kumwaga maji Rye, bandari ikanawiri, kisha tope na mchanga vikaijaza pole pole. Leo maji yako kilomita tatu hivi kutoka mjini. Ukitaka ufuko unapanda basi kwenda Camber. Mama akifungua dirisha ataona kondoo.

Sele wa Leeds:
Mnaongelea kusini tu, kana kwamba kaskazini hakuna pwani. Kwa mwalimu wa historia Whitby haina mpinzani. Abasia, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa 657 na mtawa Hilda, na mwaka 664 ndipo viongozi wa Kanisa walipokutana hapo kuamua Pasaka ihesabiwe vipi, wakafuata Roma. Kapteni Cook alijifunza ubaharia pale, na meli yake Endeavour iliundwa pale pale. Ngazi 199 za kupandia juu zisikutishe, kuna maegesho karibu na abasia, teksi itamshusha huko.
Ila usiende wikendi ya Wagothi, wale mashabiki wa muziki wa goth, mji mzima unavaa nyeusi.

Mzee Bandarini:
Kijana, la mafuta mbona hukumwambia? Huko Yorkshire, iliko Whitby, maduka mengi ya samaki na chipsi yanakaangia mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa bismillahi. Mtu ananunua samaki akijua amesalimika. Binti, uliza kabla samaki hajaingia karaini. Kusini mafuta ya mimea ni ya kawaida zaidi, lakini huko nako uliza.

Sele wa Leeds:
Shikamoo mzee, hilo kweli. Na nikiri treni nazo ni chache. Kutoka Middlesbrough peke yake ni saa moja na nusu hivi, inapita bondeni taratibu. Mimi naipenda, sijui mama.

MwanaKisauni:
Dadangu, kwa kimya cha haki ya Mungu ni Southwold. Moto wa 1659 uliunguza sehemu kubwa ya mji, na mpaka leo kuna viwanja vya majani kati ya nyumba, unapumua. Mnara wa taa mweupe umesimama katikati ya nyumba za watu. Ufuko ni wa mchanga. Lakini reli ilifungwa 1929! Unashuka Halesworth ukangoje basi, na mizigo, na mama. Bei za vyumba nazo utashika kichwa. Halafu mjini kuna kiwanda cha bia, siku wanayopika harufu ya kimea inakufuata kila kona.

Mzee Bandarini:
Mimi nilistaafu Dover, Deal ni jirani, sijui kwa nini mnaikwepa.
Deal haikuwa na bandari. Meli zilitia nanga nje, kati ya pwani na mafungu ya mchanga ya Goodwin, zikingoja upepo. Watu wa mjini walizihudumia kwa mashua wanazozisukuma kutoka kwenye kokoto moja kwa moja hadi mawimbini, na usiku wakafanya magendo. Katika miaka ya 1780 serikali ya waziri mkuu Pitt ilipeleka askari wakazichoma mashua zao ufukweni. Vichochoro vya Middle Street bado vipo, vyembamba, mtu wa Mkunazini, Unguja, hapotei. Ngome ni ya Henry VIII, 1539 hadi 1540. Ukiitazama kutoka juu ina umbo kama ua lililochanua. Kuna na mnara wa mpira: tangu 1855 mpira ulishushwa saa saba mchana ili manahodha warekebishe saa zao. Mwalimu atasoma vibao mpaka achoke.
Kwa magoti, njia ya ufukweni ni tambarare mpaka Walmer, mabenchi yapo, na huko kuna ngome alimofia jemadari Wellington 1852. Gati la zege la 1957 lina mkahawa mwishoni.
Dosari: ni kokoto tupu, mchanga hakuna, asijaribu kuteremka. Na upepo wa mashariki unakata hata Septemba, achukue koti.
Kama anapenda habari za kwetu, Southsea kule Portsmouth ndiko alikoishi Sultani Jamshid baada ya Mapinduzi ya 1964, mpaka aliporuhusiwa kuhamia Oman 2020…

Mama Nasra:
Mzee, turudi kwenye mada. Binti, sikia hili: treni ya Leicester inaishia stesheni ya St Pancras, London, na ya kasi ya Deal inaondokea hapo hapo. Huingii treni za chini ya ardhi na masanduku. Hiyo peke yake mimi ingenitosha kuamua.

MwanaKisauni:
Hapo nasalimu amri. Ila nyumba za Middle Street ngazi zake ni wima na choo mara nyingi kiko juu. Omba picha ya ngazi kabla hujalipa.

BintiMakorora:
Asanteni sana. Ni Deal, Jumatatu hadi Ijumaa, shule zikishafunguliwa. Nimemwandikia mwenye nyumba, ana chumba cha chini chenye bafu lake. Rye tutapita siku moja tu.

Mama Nasra:
Mnabadilisha Ashford. Na mkatie mama kadi ya reli ya wazee, ni kuanzia miaka 60, hata mgeni anapata kwa pasipoti. Inapunguza theluthi ya nauli, ila soma masharti ya treni za asubuhi.