Ushauri: Je, nikubali kukaimu ukuu wa kitengo nikiwa na mtoto wa miezi 7?

Mama Wawili, Nkuhungu

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mhasibu katika taasisi moja ya umma yenye ofisi zake katika Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka 3 na mdogo ana miezi 7. Wiki iliyopita bosi wangu alinieleza kwamba mkuu wa kitengo chetu anakwenda masomoni, na kwamba jina langu limependekezwa nikaimu nafasi yake kuanzia Aprili. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 9, na sitaficha kwamba niliitamani nafasi hiyo tangu kabla sijaolewa.

Lakini Aprili ndipo Bunge la Bajeti linapoanza, na hadi Juni 30 sisi watu wa hesabu huwa hatuna saa ya kutoka. Hata siku za kawaida ninaondoka nyumbani saa 12 asubuhi, kwa sababu nalazimika kuuvuka mji wote nikibadilisha daladala, na ninaporudi jioni namkuta mdogo ameshaanza kusinzia. Dada wa kazi tuliyekaa naye mwaka mzima aliaga kabla ya Krismasi na hakurudi. Huyu wa sasa ni mpole lakini bado mgeni, kiasi kwamba nikiwa ofisini napiga simu mara kwa mara kuuliza kama mtoto amekula. Mume wangu yuko nje ya mkoa kwa kazi ya ujenzi na huja mara mbili kwa mwezi. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, amependekeza amchukue mkubwa akakae naye Mpwapwa mpaka atakapofikia umri wa shule. Najua ana nia njema, ila kila nikifikiria kumfungia mtoto begi mikono inakuwa mizito. Naombeni ushauri wenu.

Muuguzi wa Kizota

Hongera kwa kuaminiwa, mdogo wangu, na pole kwa mzigo. Mimi nilimpeleka mwanangu wa kwanza kwa mama yangu Kondoa akiwa na miaka 2, kwa sababu nilikuwa napangiwa zamu za usiku, nikamrudisha akiwa na miaka 5. Bibi yake alimlea vizuri mno. Alirudi ana afya na anazungumza Kirangi kuliko mimi. Lakini aliniita kwa jina langu, kama alivyowasikia wajomba zake wakiniita, na kwa muda mrefu akipata homa usiku alimlilia bibi. Simlaumu mtu yeyote kwa hilo. Ningekuwa mimi leo, ningemwomba bibi aje akae nyumbani kwangu miezi hiyo mitatu, badala ya mtoto kwenda kwake.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Mimi naona tofauti. Kataa kwa heshima, ueleze sababu, na usubiri. Mama yangu alikuwa mwalimu, akaacha ualimu mkuu alioupewa ili atulee, na alikuja kupewa tena tulipokua. Miezi 7 haitarudi.

Mstaafu wa Ilazo

Binti yangu, nimefanya kazi za utawala kwa miaka mingi, hivyo nitajikita kwenye jambo moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hiyo hiyo inayokupa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kwa hali yako ruhusa hiyo inaishia barabarani, kwa kuwa kutoka Mtumba hadi Nkuhungu na kurudi ndiyo saa 2 zenyewe, na pengine zaidi. Kwa hiyo mwombe mwajiri, kwa barua na kabla hujaikubali nafasi, mkubaliane utazitumia namna gani: kuchelewa kuingia, kuwahi kutoka, au kumfuata mtoto akiwa analelewa jirani na ofisi. Mazungumzo ya mdomo husahaulika kazi zikichanganya, na atakayekuja kuulizwa ni wewe.

Mama Ihumwa

Naunga mkono hilo la mtoto aliye jirani, maana ndilo lililoniokoa. Sote hutafuta kituo cha kulelea watoto kilicho karibu na nyumbani, nami nilifanya hivyo kwa mtoto wa kwanza nikashinda nikimuwaza. Kwa wa pili nilitafuta kituo kilicho karibu na kazi. Tunasafiri naye asubuhi nikiwa nimemfunika vizuri, kwa sababu upepo wetu wa Juni na Julai haumhurumii mtoto, na mchana namfikia kwa bodaboda kwa dakika chache. Maziwa nakamua usiku, nayahifadhi kwenye friji na kuyabeba kwenye kiboksi chenye barafu, kwa kuwa yakiachwa nje hayapaswi kupita saa 4, na kwa joto la hapa mimi huwa sisubiri hata muda huo.

Kabla ya kulipa, uliza kwa Afisa Ustawi wa Jamii kama kituo kimesajiliwa. Kisha nenda mchana bila kutoa taarifa, wakati wa kulala, uhesabu walezi waliopo kwenye chumba cha wachanga. Mimi nilikiacha kituo kimoja kilichopakwa rangi za kupendeza kwa sababu nilimkuta binti mmoja na watoto 11.

Mama Wawili, Nkuhungu

Nawashukuru nyote. Kaka wa Hombolo, maneno yako nimeyasoma mara mbili na yameniuma, kwa sababu ni kweli miezi hii haitarudi. Lakini nimejiuliza nikagundua kwamba kinachoninyang'anya mtoto sasa hivi ni safari ya kila siku, nami ninayo hata bila cheo. Nimempigia mama mkwe. Amekubali kuja, ila ana karanga shambani na hawezi kuziacha kabla hazijang'olewa, kwa hiyo nitamtarajia katikati ya Mei. Mkubwa anabaki. Mume wangu ameahidi kuomba likizo yake ya mwaka mwezi Aprili ili azibe hizo wiki za mwanzo. Barua nimeiandika usiku huu na Jumatatu naipeleka, na Alhamisi mchana nitakwenda kukiona kituo kimoja huko Ihumwa, karibu na Mtumba. Mama Ihumwa, naomba unijulishe kama wachanga wanapaswa kwenda na godoro lao.